Nani Aliyeipa Orlando Ushindi?

Jumapili ya tarehe 24 Aprili 2022, kabla ya mechi ya marudiano ya robo fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, wachezaji na viongozi wa Simba ya Tanzania walijipanga mduara katikati ya Uwanja wa Orlando, Soweto. Kitu kikawashwa pale chini, moshi ukapanda. Mpira haujaanza, picha zimeshafika Kariakoo. Simba walikuwa wamekwenda Afrika Kusini na bao moja mkononi, penalti ya Shomari Kapombe iliyofungwa Dar es Salaam. Kipindi cha pili Chris Mugalu akatolewa kwa kadi nyekundu, Kwame Peprah akafunga, na kwenye mikwaju ya penalti Orlando Pirates wakapita kwa 4-3. Baadaye CAF ikaitoza Simba faini ya dola 10,000 za Marekani kwa ajili ya moto ule.

Vijiwe vya Tanzania vilikuwa na la kusema. Wapo waliodai kamati ya ufundi, ile ya dawa, imechemka, wapo walioona aibu, na wapo walioapa kwamba wenyeji nao walikuwa na yao, tena makali zaidi. Wachache sana walishangaa kwamba timu inaweza kutafuta msaada nje ya mazoezi. Ubishi ulikuwa juu ya dawa: imefanya kazi au haikufanya?

Lipo swali zito kuliko hilo. Mtu anapoomba ushindi, awe anauomba kwa Mungu, kwa wahenga au kwa mganga, anaomba nini hasa? Na akiupata, ana haki ya kusema nini juu ya yule aliyeshindwa? Klabu iliyokuwa mwenyeji siku ile imeishi na swali hilo tangu mwaka 1937, katikati ya makanisa, waganga, polisi na makaburi.

Kitongoji cha Orlando kilianza kujengwa mwanzoni mwa miaka ya 1930, kusini magharibi mwa Johannesburg, kikapewa jina la Edwin Orlando Leake, kiongozi wa jiji aliyesimamia mambo ya Waafrika. Waliopelekwa kuishi huko hawakumiliki ardhi. Nyumba ilikuwa ya manispaa, kibali cha kukaa mjini kilikuwa cha serikali, na mwanamume aliyekutwa barabarani bila pasi alilala rumande. Watoto wao, ambao wengi wa wazazi wao walikuwa wametoka mashambani kufuata migodi ya dhahabu, walikuwa wakikutana kwenye Orlando Boys Club. Mwalimu wao wa ngumi, Andries Mkhwanazi, maarufu kama "Pele Pele", aliona mapenzi yao kwa mpira akawatia moyo waunde timu. Klabu ya vijana haikuwa na jezi za kuwapa. Wakajitoa, wakahamia nyumbani kwa Bethuel Mokgosinyane, ambaye alitoa fedha mfukoni mwake akawanunulia seti ya kwanza ya jezi na kuwa rais wao wa kwanza. Jina la Pirates, yaani maharamia, lilipendekezwa na mwenzao Andrew Bassie, na masimulizi ya klabu yanalihusisha na The Sea Hawk, filamu ya mwaka 1940 ambamo Errol Flynn anacheza nahodha wa meli anayewavamia Wahispania.

Ndivyo fuvu na mifupa miwili iliyopishana ilivyoingia kwenye kitongoji kilichojaa makanisa. Soweto ilipokua, Alhamisi ikawa siku ya akina mama wa Manyano wa Kimethodisti, wenye blauzi nyekundu na kofia nyeupe. Waumini wa Zion Christian Church wakatembea na nyota yao kifuani, na wale wa makanisa mengine ya Kizayuni wakapita na kanzu na fimbo zao. Watu walewale walikuwa mashabiki. Hadi leo, siku ya mechi, utamwona mtu amejichora mifupa mwili mzima, amevaa kofia ya mgodini iliyochongwa na kupakwa rangi, ameinua mikono juu ya kichwa na kuipishanisha kama mifupa ya nembo. Kesho yake yuko kanisani, na hakuna anayemwona amevuka mpaka wowote. Mwanafalsafa wa Kenya, Kasisi John Mbiti, alieleza jambo hili katika kitabu chake cha mwaka 1969, African Religions and Philosophy: kwa Waafrika wengi dini haina siku yake wala chumba chake, bali humfuata mtu shambani, msibani na kwenye karamu ya pombe. Hakuna sababu ya kufikiri kwamba ingebaki nje ya lango la uwanja.

Iliingiaje? Maelezo mazuri zaidi ya zama zile yanatoka Durban. Mwaka 1961 mwanaanthropolojia Norman Scotch alichapisha utafiti wake kuhusu timu za Wazulu wa mjini humo. Usiku wa kuamkia mechi wachezaji walilala kambini pamoja, kandokando ya moto. Inyanga, mganga wa dawa, aliwachanja chale kwenye magoti, viwiko na viungo vingine, akawapa dawa ya kutapisha ili miili isafike. Asubuhi walikwenda uwanjani wakiwa wamebanana bega kwa bega, ili ubaya wa mpinzani usipate upenyo wa kuingia. Timu ikifululiza kufungwa, aliyefukuzwa kwanza alikuwa inyanga.

Msomaji wa leo anaweza kuona ujinga hapo, lakini akitulia ataona hoja. Mwaka uleule wa 1937, vijana wa Orlando walipokuwa wakianza kucheza, E. E. Evans-Pritchard alichapisha kitabu chake juu ya Waazande, wanaoishi Sudan Kusini na kaskazini mwa Kongo. Mfano wake mashuhuri ni wa ghala la nafaka lililowaangukia watu waliojipumzisha kivulini mwake. Mzande anajua fika kwamba mchwa wamekula nguzo. Anachouliza ni kwa nini ghala lianguke saa hiyo, na kwa nini wawe watu hao. Uchawi ndio jibu la swali hilo la pili, ambalo fizikia huliita sadfa na kuliacha hapo.

Kandanda imejaa swali la pili. Mpira umegonga mwamba: pembe ilikuwa kali, mpigaji alichoka, hayo yanajulikana. Lakini kwa nini leo, na kwa nini sisi? Jomo Sono, mmoja wa wachezaji wakubwa kuliko wote waliovaa jezi ya Pirates, alimpoteza baba yake katika ajali ya gari mwaka 1964. Baba huyo, Eric "Scara" Sono, alikuwa naye nyota wa klabu hiyohiyo. Mtoto alilelewa na babu na bibi, akawa akiuza matofaa na karanga stesheni na viwanjani. Siku moja Pirates wakapungukiwa mchezaji, wakamwingiza yeye, na Soweto ikapata mfalme wake mpya. Mkristo anaweza kusema ni mpango wa Mungu. Mwingine atasema baba alikuwa akimtazama. Wa tatu atasema bahati. Wote watatu wanaikataa fikra kwamba maisha ya yatima yule yalikuwa ya kutupwa.

Kwa hiyo mtu anayetaka kuhukumu ndumba za viwanjani aanze na kazi zilizokuwa zikifanya. Usiku ule wa kambini ulikuwa na kazi mbili. Ya kwanza ilikuwa kuwafunga watu pamoja: walikula pamoja, wakachanjwa pamoja, wakaogopa pamoja. Ya pili ilikuwa kinga. Mwili wa mtu mweusi chini ya sheria za pasi ulikuwa mali ya kila askari aliyemsimamisha. Hapo kambini alikuwepo mzee aliyekesha kwa ajili ya mwili huo, akaugusa kiungo kwa kiungo, akasema usidhurike. Sala ya mama wa Manyano kwa mwanawe anayetoka na begi la mpira iliomba jambo hilohilo.

Hapa ndipo ubaguzi wa siku hizi kati ya dua na dawa unapopwaya. Tarehe 28 Juni 2009, katika uwanja wa Ellis Park jijini Johannesburg, Brazili walitoka nyuma kwa mabao mawili wakaifunga Marekani 3-2 na kutwaa Kombe la Mabara. Filimbi ya mwisho ilipolia walipiga magoti katika mduara mkubwa wakasali, baadhi wakiwa na fulana zenye ujumbe wa Yesu. Chama cha soka cha Denmark kikalalamika, na FIFA ikawakumbusha Wabrazili wasichanganye dini na mchezo. Yakaishia hapo. Miaka saba kabla, kwenye nusu fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika mjini Bamako, polisi walimkamata na kumburuta nje ya uwanja Thomas Nkono, kipa wa zamani wa Cameroon aliyekuwa mmoja wa makocha wao, kwa madai kwamba ameweka hirizi. Mduara wa magoti ulipewa ukumbusho wa maneno. Mduara wa moshi wa Simba ulipewa bili.

Anayeamini kwamba Mungu husikia anaweza kutofautisha dua na hirizi kwa misingi ya imani yake, na ana haki hiyo. Lakini mstari wa maana zaidi unapita ndani ya kila kimoja. Ipo dua ya kinga na shukrani, na ipo dua inayomtaka Mungu amwangushe jirani. Ipo dawa ya kukinga goti, na ipo ya kumvunja mwenzako goti.

Jirani huyo, kwa Orlando, ni ndugu wa damu. Kaizer Motaung alianza kuichezea Pirates akiwa na miaka 16, akaenda Marekani mwaka 1968 kuichezea Atlanta Chiefs. Aliporudi aliikuta klabu yake imegawanyika na baadhi ya wachezaji wamefukuzwa. Mwaka 1970 akaunda timu mpya pamoja nao na Ewert Nene, wakaipa jina lake na la timu yake ya Atlanta: Kaizer Chiefs. Ngome yao ikawa Phefeni, upande wa Orlando Magharibi, mwendo wa miguu kutoka Orlando Mashariki ya Pirates. Msomaji wa Dar es Salaam haelezwi zaidi, kwani Simba nao walitoka tumboni mwa Yanga mwaka 1936. Tangu mwaka 1970 katika benchi moja la kanisa Soweto wamekaa watu wanaoomba matokeo yasiyoweza kutokea pamoja. Kama Mungu humpa mmoja wao ushindi kwa kuwa ameomba vizuri, basi ndugu aliyeketi kando yake amenyimwa kwa kosa gani?

Watu wa Orlando walikuwa na sababu ya kuliogopa jibu la swali hilo, kwa maana walitawaliwa nalo. Desemba 1838, kundi la Makaburu wapatao 470 chini ya Andries Pretorius liliapa kwamba Mungu akiwapa ushindi dhidi ya Wazulu, wao na vizazi vyao wataitunza siku hiyo kama Sabato. Tarehe 16, kando ya mto Ncome, bunduki na mizinga yao iliua Wazulu wapatao 3,000. Upande wao walijeruhiwa watatu. Baadaye siku hiyo ikawa ya ibada, na katika karne ya 20 ikawa sikukuu ya taifa. Mafundisho yake yalikuwa mepesi kukariri: tuliomba, tukashinda, kwa hiyo nchi ni yetu na aliyetupa ni Mungu. Sheria za pasi, vitongoji na shule duni vilipata wahubiri wa kuvitetea kwa sauti hiyohiyo. Ilifika mwaka 1982, mjini Ottawa, ndipo Muungano wa Dunia wa Makanisa ya Reformed ulipotamka kwamba kuutetea ubaguzi wa rangi kwa theolojia ni uzushi.

Serikali ya Nelson Mandela haikuifuta tarehe 16 Desemba. Iliipa jina la Siku ya Maridhiano, na mara ya kwanza kuadhimishwa kwa jina hilo ilikuwa mwaka 1995. Siku hiyohiyo Orlando Pirates walikuwa Abidjan, wakicheza mechi ya pili ya fainali ya Klabu Bingwa Afrika dhidi ya ASEC Mimosas. Mechi ya kwanza, nyumbani Johannesburg, ilikuwa sare ya 2-2, na kwa hesabu ya mabao ya ugenini ASEC walihitaji tu sare ya 0-0 au 1-1. Wenye akili zao hawakuwapa Pirates nafasi. Jerry Sikhosana akafunga, na bao hilo moja likabaki hadi mwisho. Hakuna klabu ya kusini mwa Afrika iliyokuwa imewahi kulitwaa kombe hilo, na nyota ya kumbukumbu ikashonwa juu ya fuvu la nembo.

Kama ipo siku ambayo kitongoji kingeweza kutangaza kwamba Mungu amelipa kisasi, ilikuwa hiyo. Tarehe ileile, baada ya miaka 157, wajukuu wa walioshindwa wamerudi na kombe. Shukrani zilikuwa halali kabisa. Lakini jirani wa Abidjan hakuwa Kaburu. Alikuwa kijana wa Kiafrika kama wao, ambaye bila shaka naye alikuwa na mama aliyeomba usiku kucha. Uzuri wa ushindi ule unatimia pale unaposimuliwa kama furaha waliyopewa watu waliokosa furaha kwa muda mrefu. Ukisimuliwa kama hukumu ya mbinguni juu ya ASEC, tayari umerudi Ncome.

Miaka michache baadaye swali lilirudi kwa uso mwingine. Jumatano usiku, tarehe 11 Aprili 2001, Pirates na Chiefs walikutana Ellis Park, uwanja wa watu wapatao 60,000. Maelfu wengine walikuwa nje wakisukuma kutaka kuingia. Mechi ilisimamishwa baada ya kama nusu saa, ikiwa 1-1, na miili ikaanza kulazwa kwenye nyasi mbele ya waliokuja kutazama mpira. Watu 43 walikufa kwa kubanwa na kukanyagwa. Haikuwa mara ya kwanza. Tarehe 13 Januari 1991, mjini Orkney, kwenye mechi ya kirafiki ya timu hizohizo mbili, walikufa 42.

Misibani husemwa ni mapenzi ya Mungu, na mfiwa anayejishikiza kwa maneno hayo asinyang'anywe. Ila maneno hayo yakitoka kinywani mwa mwenye funguo za geti, maana yake inabadilika. Tume ya Jaji Bernard Ngoepe iliangalia nguzo, ikawakuta mchwa. Makisio ya watazamaji yalikuwa mabaya. Lilitolewa tangazo, wakati usiofaa, kwamba tiketi zimekwisha. Polisi wa kutuliza umati walichelewa kuchukua hatua. Gesi ya machozi, au kitu mfano wake, ilirushwa kwenye umati. Baadhi ya walinzi walikula rushwa. Mashabiki wenyewe walisukuma bila kujali wenzao. Na mafunzo ya Orkney yalikuwa yamepuuzwa kwa miaka kumi. Hakuna hata moja kati ya hayo lililohitaji ramli kuligundua.

Mzande angesikiliza ripoti hiyo bila kushangaa, kisha angeuliza swali lake la pili: kwa nini usiku ule, kwa nini mtoto wangu? Swali hilo lina haki ya kuulizwa, na ripoti ya jaji haiwezi kulijibu. Hatari ni pale swali la pili linapotumika kulizima la kwanza. Dini ya matokeo, iliyozoea kueleza kila bao kwa nguvu zisizoonekana, huwazoesha watu kuacha kuuliza nani alikuwa na funguo.

Orlando iliwahi kuwa na kasisi aliyelifahamu jambo hili vizuri. Trevor Huddleston, mtawa wa Kianglikana kutoka Uingereza, alifika mwaka 1943 kuongoza kazi ya kanisa lake Sophiatown na Orlando. Baadaye, kuanzia mwaka 1960 hadi 1968, alikuwa Askofu wa Masasi kusini mwa Tanzania, ambako wazee wengine bado wanamkumbuka. Fundisho lake kuu lilisimama juu ya imani kwamba Mungu alichukua mwili wa binadamu; basi kuudharau mwili wa binadamu yeyote ni kumdharau Mungu. Hakuliacha fundisho hilo mimbarani. Alipambana na ubomoaji wa Sophiatown, akachangisha fedha za bwawa la kuogelea kwa ajili ya watoto wa Orlando, na alikuwa miongoni mwa watu wa mwanzo kutaka Afrika Kusini ya ubaguzi itengwe katika utamaduni na michezo. Kwake bwawa la watoto lilikuwa jambo la kidini kwa kuwa watoto wana miili.

Kwa kipimo hicho jezi alizonunua Mokgosinyane zilikuwa tendo la dini kuliko dua nyingi za ushindi. Vivyo hivyo mikono ya kila shabiki aliyebeba majeruhi Ellis Park bila kuuliza amevaa jezi ya nani. Imani iliyomlinda kijana kambini kiungo kwa kiungo ilikuwa ikidai jambo ambalo leo liko ndani ya uwezo wa klabu, chama na polisi: atoke nyumbani na arudi salama.

Bunge la Afrika Kusini lilipitisha sheria ya usalama wa michezo na matamasha mwaka 2010, inayowabebesha wajibu waandaaji, wenye viwanja na wasimamizi wa michezo. Hata hivyo tarehe 29 Julai 2017 mashabiki wawili walikufa kwenye msongamano wa milangoni, FNB Stadium, Pirates na Chiefs wakicheza ndani. Sheria ilikuwepo, na bila shaka sala zilisaliwa asubuhi ile pande zote mbili. Maaskofu wa Soweto, viongozi wa Zion Christian Church na waganga wanaoheshimiwa wana sauti ambayo wenyeviti wa klabu hawawezi kuipuuza. Kabla ya kila mechi ya watani hawa, viongozi hao wangeweza kusimama pamoja na kudai majibu hadharani: tiketi ngapi zimeuzwa, mageti mangapi yatafunguliwa na saa ngapi, na nani anayeshika redio ya kuamuru mechi isimame umati ukizidi.